Neno la Dona Graça

Cécile wa Uvira alikuwa na sifa moja aliyojivunia kazini: Kifaransa chake. Katika nyumba ile ya kutunzia wazee, kule Penrith, Australia, kila mzee wa Ulaya aliyepotewa na Kiingereza kwa uzee aliachiwa yeye. Awe Mtaliano, awe Mreno, wenzake walisema tu, "Ask Cécile." Naye hakuwahi kujibu kwamba hajui. Nani anapenda kushuka kwenye kiti alichokalishwa?

Asubuhi hiyo ya Januari 2022 korona ilikuwa imechachamaa na vipimo vilikuwa adimu hata madukani. Dona Graça, bibi wa Kireno, akamshika mkono akamwambia, "Estou constipada."

Cécile akacheka kimoyomoyo. Neno hilo si analijua kwa Kifaransa tangu shule ya msingi! Bibi kafunga choo. Akampa juisi ya plamu, akamwambia muuguzi wa zamu, Rispah Mkenya, kwamba ni tumbo tu. Kisha akafanya kama mama yake alivyowafanyia wao utotoni: akamtembeza bibi ili tumbo lifunguke. Wakaifuata korido yote wameshikana mikono, wakisimama kila mlango. Bibi aliwapungia wenzake, naye Cécile aliingia, akawatengenezea mito, akishusha barakoa kidogo ili wale wasiosikia vizuri wamsome midomo.

Saa sita mchana binti wa Dona Graça akapiga simu. Aliomba mama yake apewe chai ya moto, maana asubuhi mama huyo alimwambia ana mafua.

"Mafua?" Cécile akauliza.

"Ndiyo. Constipada."

Simu ilipokatika, Cécile alijiona mjinga wa mwisho. Kumbe wenye neno lao wenyewe hawapatani! Mfaransa na Mwingereza wanalipeleka tumboni, Mreno na Mhispania wanalipeleka puani. Na pua ya bibi ilikuwa inachuruzika tangu asubuhi, yeye akidhani ni uzee.

Angeweza kunyamaza. Nani angejua? Lakini wazee walikuwa wameanza kusukumwa kwenda kula pamoja, na mmoja tu mwenye korona angetosha kuwamaliza. Akamkimbilia Rispah.

"Dada Rispah, nilikosa. Haiko tumbo. Iko mafua."

"Cécile! Si ulisema uko sure?"

"Nilikuwa sure, dada. Unisamehe."

Rispah hakupoteza muda kugomba. Akawarudisha wazee vyumbani, akafungua kabati, akatoa vipimo viwili: kimoja cha bibi, kimoja cha Cécile, kwa kuwa walishinda pamoja. Akawapima wote wawili, akavipanga mezani. Cécile hakuthubutu hata kuangalia. Alisimama dirishani akisali, akimuona bibi wa watu tayari amelazwa hospitali kule Westmead kwa ujinga wake.

"Ya Dona Graça ni negative," Rispah akasema. "Ni mafua tu ya kawaida."

Cécile akaangua kilio cha furaha. "Merci, Seigneur! Asante Yesu!"

Rispah alikuwa amekiinamia kile kipimo cha pili. Akarudi nyuma hatua moja, akabana barakoa yake puani.

"Cécile, hii yako ina mistari miwili. Ni positive."

"Yangu?"

"Yako. Sasa niambie, leo umeingia kwa nani?"

Cécile akaziba mdomo kwa mikono yote miwili.

"Kila mlango," akasema. "Niliingia kila mlango."