Nusu ya Kitabu na Siku Tano za Mutiso

Kosa lile liligharimu siku tano. Sisemi siku zangu, mwanangu. Zangu ningezitoa na kuongeza mbili juu ili tusibishane. Zilikuwa siku za mtoto wa wiki nne, na mtoto wa wiki nne hana siku za akiba. Nimezihesabu mara mbili, Jumapili mpaka Alhamisi, na hazijawahi kupungua.

Nakumbuka nilivyokuwa najiona msomi miaka ile. Nilikuwa na umri wa miaka thelathini na moja, nauza vitabu vya mitumba katikati ya jiji la Nairobi, kwenye kibaraza cha duka la madaftari la Mzee Jayanti. Mzee huyo Mhindi alikuwa ameniruhusu kutandika vitabu vyangu pale kwa sharti moja: nisiuze kalamu. Kazi yetu ina desturi yake. Kabla hujanunua kitabu unabana mgongo, unafungua katikati, unahesabu kurasa, kisha unahesabu tena, maana anayekuletea kitabu kilichong'olewa kurasa hatakwambia.

Siku moja nilinunua gunia zima bila kukagua, na ndani yake kulikuwa na kitabu cha historia ya Kanisa la mwanzo kilichokatika vipande viwili. Kipande cha nyuma nikamuuzia muuza njugu afungie njugu zake. Cha mbele nikabaki nacho, kwa sababu kilikuwa kimenishika.

Humo nilisoma kwamba katika karne za mwanzo palikuwa na vikundi vidogo vya watu waliojiita Wakristo, walioamini kwamba mtu akifa roho yake huingia katika mwili mwingine, tena na tena, mpaka itakate. Nikasoma habari za mwalimu mmoja wa Misri, mtu mwenye akili za kutisha, aliyefundisha kwamba roho zilikuwako kabla ya miili. Nikafika pale wanafunzi wa Yesu walipomwona mtu aliyezaliwa kipofu, wakauliza kama dhambi ilikuwa yake au ya wazazi wake. Mwandishi akauliza: mtu angetendaje dhambi kabla ya kuzaliwa, kama hakuwahi kuishi kwingine? Ukurasa wa tisini na sita. Hapo kipande changu kikaisha.

Sasa nikueleze kwa nini habari hiyo ilinishika, nawe usinicheke. Mwaka uliotangulia baba yangu, Mzee Ndambuki, alinitumia ujumbe kutoka Machakos kwamba nifike nimwone. Ilikuwa Januari, shule zinafunguliwa, na muuza vitabu hali chakula chake cha mwaka mwezi mwingine. Nikamwambia nitakuja mwisho wa mwezi. Alikufa tarehe kumi na nne. Nilibaki na neno moja la msamaha mdomoni na sina wa kumpa.

Basi ile Jumapili nikaenda Kabiria, mtaa wa pembeni mwa jiji, kumwona dada yangu mdogo, Mwikali. Mumewe ni dereva wa lori na alikuwa safarini Kampala. Alikuwa amejifungua mtoto wa kiume, na kwa desturi yetu Wakamba mtoto wa kwanza wa kiume alipewa jina la baba wa mumewe, Mutiso. Nilipoingia, Mutiso alikuwa analia. Mwikali akamnyonyesha, akanyonya kwa pupa, na kabla hajacheushwa maziwa yote yakamtoka kwa nguvu, yakaruka mpaka kwenye kiti nilichokuwa nimekalia. Kisha akaanza tena kutafuta titi.

"Yuko hivi tangu juzi," Mwikali akasema. "Kesho nampeleka hospitali."

Nilimtazama yule mtoto. Alikuwa amekunja uso, na nakuapia, mkunjo ule ulikuwa wa baba.

"Usimpeleke bado," nikasema. "Huyu analilia jina. Huyu ni baba amerudi, nanyi mmempa jina la watu wengine."

Unajua wazee wetu walivyosema juu ya mtoto asiyenyamaza: huitiwa majina ya marehemu mpaka likitajwa lake atulie. Lakini Mwikali alikuwa mtu wa kanisa kwelikweli.

"Kyalo, hayo ni mambo ya mizimu. Mchungaji akikusikia!"

"Mchungaji hajasoma," nikamjibu. "Mimi nimesoma. Wakristo wa kwanza kabisa waliamini roho hurudi. Hata wanafunzi wa Yesu waliuliza habari za yule kipofu."

"Waliuliza. Na Yesu aliwajibu nini?"

Mwanangu, nimebishana na walimu wakuu, makasisi na mama wa watoto saba wakitaka vitabu saba kwa bei ya sita. Hakuna swali lililowahi kunibana kama hilo. Jibu nililijua tangu shule ya Jumapili. Nikalipita kama mtu anayeweka kidole juu ya ukurasa uliochanika wakati mteja anaangalia.

"Hiyo ni habari nyingine," nikasema.

"Basi nakuamini," akasema. Ndani ya familia yetu mimi ndiye niliyekuwa na vitabu. Tukapatana kwamba shangazi yetu aje Jumamosi, amwite mtoto Ndambuki kwa utaratibu, na hospitali ingojee kwanza.

Jumatatu alitapika. Jumanne alitapika. Jumatano Mwikali akanipigia simu akasema macho ya mtoto yanaonekana yameingia ndani. Alhamisi akanipigia tena: "Kyalo, nepi ni kavu tangu asubuhi. Naogopa."

"Mwite kwa jina," nikamwambia. "Mwambie, Ndambuki, vumilia, Jumamosi imekaribia."

Nilisikia akilitamka. Mtoto alikuwa analia kwa sauti nyembamba, kama mlango unaohitaji mafuta.

Ijumaa, kama saa nne asubuhi, simu ikalia. "Ametulia," Mwikali akasema. "Nimemwita usiku kucha jina la baba, na sasa hata hasumbui titi. Amelala tu."

Nilifurahi, mwanangu. Sitakuficha. Niliingia dukani kwa Mzee Jayanti nikiwa nimenyoosha mabega, nikamsimulia yote, nikitarajia kupongezwa. Nilijua kwao wanaamini roho hurudi. Nikasema huyu sasa atanielewa kuliko mchungaji.

Alikuwa anahesabu madaftari. Akaacha katikati ya hesabu, jambo ambalo sikuwahi kumwona akifanya.

"Hiyo mtoto ametulia, au amechoka?"

"Ametulia, Mzee. Jina limemkubali."

"Amekunywa?"

"Hasumbui tena."

"Mimi sijauliza kama anasumbua. Nauliza, amekunywa? Amekojoa?"

Mzee akavua miwani.

"Kyalo, sikia mimi. Nyumbani kwetu tunaamini roho inarudi. Mama yangu aliamini, mimi naamini. Na mjukuu yangu alipotapika siku moja, siku moja tu, mama yake alikimbia hospitali na ndala mguu mmoja. Roho ikirudi, inarudi na tumbo. Tumbo ni ya daktari."

"Lakini kitabu..."

"Kitabu gani? Ile nusu? Si nyuma yake nimekula na njugu hapa hapa!"

Akavuta mlango wa chuma, akafunga duka mchana kweupe. Tukaingia kwenye gari lake dogo. Kwa kawaida aliliendesha kama anavyorudisha chenji, polepole na kwa mashaka. Siku hiyo alipiga honi kutoka mjini mpaka Kabiria. Tukiwa njiani akasema bila kunitazama, "Uliniambia ulichelewa kwa baba yako. Basi kama hiyo mtoto ni yeye, umemchelewa mara mbili."

Mpaka leo nayasikia maneno hayo.

Mwikali alikuwa ameketi kitandani na mtoto mapajani. Nilimgusa Mutiso shavuni, hakugeuka. Ngozi ya tumbo ukiibana ilibaki imesimama. Mzee Jayanti alimtazama mara moja tu, akasema, "Mama, ingia kwa gari."

Tulifika hospitali kubwa kule Upper Hill mchana. Daktari, binti mdogo mwenye sauti ya chini, akamvua mtoto nguo, na chumba kizima kikabadilika mwendo. Wakatafuta mshipa mkononi, haukuonekana. Mguuni, haukuonekana. Nilihesabu wakimchoma mara sita, na mtoto hakulia hata mara moja. Mwikali ndiye aliyekuwa analia. Mwishowe wakaupata kichwani.

Daktari akatueleza kwamba njia ya kutoka tumboni imekaza, kwa hiyo maziwa hayapiti, yanarudi. "Inatokea kwa watoto wa umri huu. Upasuaji wake si mkubwa. Lakini sasa amekauka, siwezi kumpasua hivi. Lazima tumrudishie maji kwanza, na sijui kama atafika." Kisha akauliza, "Mbona mmekaa naye hivi?"

Mwikali akanitazama. Sekunde ile ilikuwa ndefu kuliko zile siku tano. Angeweza kuninyooshea kidole.

"Tulikuwa tunangoja," akasema.

"Jina la mtoto?"

"Mutiso," akajibu. "Andika Mutiso peke yake."

Tulingoja Ijumaa hiyo, tukangoja Jumamosi, siku ambayo shangazi alikuwa aje kumwita. Kila mlango ulipofunguliwa Mwikali alisimama. Hakunisemesha. Jumapili wakampasua, na jioni nesi akatoka akatuambia amenyonya, kidogo sana, na maziwa yamekaa tumboni. Mzee Jayanti akaketi sakafuni, pale pale ukumbini, na suruali yake ya kazi.

Baadaye nilitafuta kitabu kile kile kizima kwa wenzangu wa mitaa ya chini, nikakinunua bila kupunguziwa hata shilingi, adhabu niliyojitakia. Nikasoma kuanzia ukurasa wa tisini na saba. Kumbe yule mwalimu wa Misri mwenyewe aliandika kukataa kwamba roho huhama kutoka mwili mmoja hadi mwingine. Kumbe wale wa vikundi vidogo walibishiwa na Wakristo wenzao tangu mwanzo. Na jibu la Yesu nililolipita lilikuwa palepale: si yeye wala wazazi wake. Kisha hakukaa kujadili roho ya yule mtu ilitoka wapi. Alimpa macho.

Sasa nasaha yangu, mwanangu. Siwezi kukwambia roho huenda wapi. Waliokuwa karibu zaidi na Mitume hawakuelewana, sembuse muuza vitabu. Amini unachoamini. Lakini ukiwa na nusu ya jambo, sema ni nusu, hasa mbele ya mtu anayekuamini. Mwili unaolia ushughulikie kwanza, mabishano yatakungoja. Na neno ulilokosa kumwambia marehemu, nenda kaburini kwake ukalimwage huko. Usilitwike juu ya mtoto aliyekuja duniani na shida zake mwenyewe.

Mungu akupe masikio ya kusikia mtoto anapolia, na moyo wa kushtuka anaponyamaza. Watoto wako waje na majina mazuri, nao wayazoee wakiwa wazee.

Nami nina haja kwako. Mutiso sasa ni kijana wa miaka ishirini na mitatu, mrefu, anakula kama gunia lisilo na mwisho. Kovu la tumboni analijua. Zile siku tano hazijui. Mama yake hajawahi kumwambia, wala mimi. Jumamosi ijayo tunakwenda kwa wazazi wa msichana wake kupeleka mbuzi wa kwanza wa posa, na amenichagua niwe msemaji. "Mjomba," amesema, "wewe ndiye mtu wa maneno. Nakuamini."

Neno hilo nililisikia mara moja kabla, kule Kabiria. Sitaki asimame nyuma yangu kabla hajajua. Nimejaribu kuanza mara mbili, na mara zote mbili nikaishia kumuuliza habari za mpira. Wewe u kijana kama yeye. Niambie, ungekuwa Mutiso, ungetaka nianze na neno gani?