Wageni Wawili kwa Kila Mlango

Siku yangu ya kwanza kazini, mwaka 2015, Meneja wa Eneo alinikabidhi funguo kabla hata ya kunisalimu. "Mzee, jengo hili usilichezee," akaniambia. Nikamjibu kwamba nimelinda mageti ya Hillbrow, mtaa wa vurugu, miaka mingi, na aliyelinda geti la Hillbrow hana muda wa kucheza. Hakucheka.

Jengo lenyewe lilikuwa Rosettenville, limetoka kupakwa rangi. Vijana mnaoingia kazi hii leo mjue: mwenye mali akikarabati jengo chakavu la mjini na kulipangisha kwa bei nafuu, serikali ilimpunguzia kodi ya mapato. Ndiyo maana hata fundi cherehani aliweza kuishi mle na wanawe. Lakini unafuu ule ulikuja na masharti, na mimi, msimamizi wa jengo, ndiye niliyeyashika. Hakuna kelele za usiku, hakuna kupikia mkaa, hakuna kugawa chumba kwa pazia ukapangisha nusu, na wageni ni wawili tu kwa kila nyumba. Getini palikuwa na mashine ya kusoma kidole. Mpangaji hushuka mwenyewe, huweka kidole, ndipo mgeni wake aingie. Ukipata maonyo matatu, mkataba umekatika.

Zamani mtaa ule ulikuwa wa Wareno. Mimi niliwakuta wachache, na katika jengo letu alibaki mmoja tu, Dona Amelia, mjane ambaye wanawe wote walikuwa wamehamia ng'ambo. Waliojaza vyumba sasa walikuwa Wakongo, Wamalawi, Wazulu wenyeji, na sisi wa Tanga na Dar. Dona alikuwa mkali, lo! Jirani yake wa ukuta kwa ukuta, Mama Furaha, fundi cherehani kutoka Lubumbashi, alikuwa na maonyo mawili kwa sababu ya nyimbo za maombi ya usiku. Yote mawili yalitokana na malalamiko ya Dona.

Mwaka wangu wa pili au wa tatu pale, mume wa Mama Furaha akafariki hospitalini asubuhi. Kabla ya adhuhuri watu wa kanisa lao walikuwa wamejaa getini na mikeka na masufuria. Sisi twaita matanga, wao huita kilio. Lipe jina ulipendalo, nyumba ya mfiwa haifungwi mlango. Mama Furaha akashuka bila viatu.

"Papa, batu banakuya kulilia bwana yangu," akaniambia. "Mi nitabafukuza namna gani?"

Nikampigia Meneja. "Mpe pole zangu," akasema, "lakini wawili ni wawili. Wakizidi, hilo ni onyo la tatu, na nyumba anatoka. Jioni nakuja kuangalia."

Wallahi nilikasirika. Mwanamke hajamzika mumewe, atupwe nje na watoto? Kwa bei ile asingepata hata stoo mahali pengine. Na mimi nikimfumbia macho, kazi yangu ndiyo imekwenda.

Dereva mmoja wa teksi, Mzulu wa ghorofa ya chini, alikuwa anatoka. Akasimama akatusikiliza. "Eish, madala," akaniambia, yaani mzee, "mimi leo sina mgeni hata mmoja." Akaweka kidole, akawaita wanawake wawili kutoka kwenye lile kundi, akawaingiza.

Nikapanda ngazi nikigonga kila mlango. Mmalawi akashuka, Mtanga mwenzangu akashuka, kila mmoja na wawili wake. Mwishoni walibaki wanaume wawili na ngoma yao. Hapo ndipo Dona Amelia alipotokea, na aproni yake kiunoni.

"Nani amekufa?" akauliza.

Nikamwambia. Akaweka kidole. Mashine ikakataa. Akakifuta kwenye aproni, ikakataa tena. Mara ya tatu ikakubali. "Hawa ni wangu," akasema, akiwaonyesha wenye ngoma. "Mimi sina mtu anayekuja."

Jioni Meneja akakuta ukumbi wa juu umefurika. "Mzee! Wote hawa wageni wa nani?"

"Wawili wangu," akasema dereva. "Wangu hawa," akasema Mmalawi. Dona akanyoosha kidole kwenye ngoma. Meneja akawatazama mmoja mmoja, akashusha pumzi. "Basi sharti halijavunjwa," akasema. Akavua viatu, akaingia kumpa mfiwa pole.

Nilistaafu mwaka 2019. Meneja alinishika mkono, kisha akafuta alama ya kidole changu kwenye mashine. Sikununa. Kidole cha aliyeondoka kikibaki, geti lina kazi gani? Wiki iliyofuata nikaenda kuwajulia hali. Mlinzi mpya akaniuliza namwendea nani. Nikamtaja Mama Furaha.

"Ana wageni wawili tayari, mzee."

Nikacheka, maana sharti hilo nililisimamia mwenyewe. Halafu uchungu ukanishika, nikageuka niondoke. Dirisha likafunguka juu.

"Mwache huyo!" Dona akapaza sauti. "Huyo wangu!"

Akashuka polepole, akifuta kidole kwenye aproni.