Sahani ya Mtu Ambaye Hajafika

Kwa wiki tano za muhula wa pili nilikatazwa kuongea na mtu pekee chuoni aliyejua Kiswahili. Katazo lilikuja kwa barua pepe ya mistari tisa, Jumatatu, saa nne asubuhi, nikiwa kwenye foleni ya chai. Lilisema kwamba uchunguzi umefunguliwa kuhusu insha mbili, yangu na yake, na kwamba hadi utakapokamilika tusiwasiliane ana kwa ana, kwa simu wala kupitia mtu mwingine. Saa tano tulikuwa na darasa. Tulikuwa wanafunzi kumi na mmoja kuzunguka meza moja ya mviringo, na yeye aliketi kiti cha tatu kutoka kwangu, upande wa dirisha. Alivaa sweta lake la kijani. Hakunitazama, nikajua naye ameipata.

Chuo chetu, hapa Sydney, ni kidogo, cha wanawake watupu, jengo la matofali lenye orofa tatu na ukumbi mmoja wa kulia. Tunasoma falsafa, historia na fasihi. Hakuna mihadhara ya watu mia tatu. Mnapewa kitabu, mnakisoma, mnaketi mezani na kubishana. Nilifika Februari kutoka Voi nikidhani kitakachonishinda ni Kiingereza. Hakikunishinda. Kilichonishinda ni kwamba hakuna aliyeinua mkono. Katika sekondari yangu uliinua mkono, ukangoja kuonyeshwa kidole, ukasimama ndipo useme. Hapa maneno yalipokewa juu kwa juu, na nilipokuwa nimeshaipanga sentensi yangu, mada ilikuwa imehama.

Ukumbini kulikuwa na desturi ya kuketi kwenye kiti kilicho wazi kinachofuata, bila kumwekea mwenzako nafasi, ili mtu yeyote asile peke yake. Ilikuwa desturi nzuri. Kila mlo niliketi karibu na mtu mpya, na kila mtu mpya aliniuliza maswali matatu: nimetoka wapi, nasikiaje baridi, nasoma nini. Kufikia Mei nilikuwa nimewajibu karibu wote. Hakuna aliyefika swali la nne. Sikutendewa ubaya na mtu yeyote. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli.

Yeye nilimpata chini, kwenye chumba cha kufulia. Nilikuwa nimesimama mbele ya mashine, nikimweleza mama yangu kwa simu kwamba chakula ni kizuri na nina marafiki wengi. Nilipokata simu nikasikia sauti nyuma yangu.

"Usimudanganye mama yako, dada. Ile chakula si chakula."

Nikageuka. Alikuwa anafungua kabati lake. Wanafunzi wasiolala chuoni walipewa makabati ya chuma kwenye ukuta wa chumba hicho, na la kwake lilikuwa la mwisho, lenye kufuli la shaba.

"Umesikia yote?" nikamuuliza.

"Yote. Hata ile ya marafiki wengi." Akacheka. "Na Kiswahili yako ni ya kwenye redio. Nilifikiri ni habari ya saa moja."

Alizaliwa Uvira, Kongo, akakulia kambi ya wakimbizi, akaletwa Sydney na mama yake akiwa na miaka kumi na minne. Waliishi Rooty Hill, karibu saa moja kwa treni. Nafasi yake chuoni ilikuwa ya ufadhili unaotazamwa upya kila mwaka, na sharti lake la kwanza lilikuwa rekodi safi. Aliniambia hilo wiki ile ile, kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayekuambia kwamba ana mzio wa karanga. Nafasi yangu haikuwa hivyo. Mimi nilikuwa nimehakikishiwa miaka yangu yote mitatu.

Tulianza kusoma pamoja kwa namna ambayo sisi wawili hatukuhitaji kufundishana. Kwao kambini kitabu kimoja kilisomwa na watoto sita: mmoja anasoma kwa sauti, wengine wanasikiliza, kisha kila mmoja anasema alichoelewa. Kwetu bwenini tulikuwa na diskasheni: wasichana wanaketi duara, wanakubaliana pointi, mwenye mwandiko mzuri anaziandika kwa namba, na wote wanazinakili. Walimu wetu walitusifu kwa hilo. Msichana aliyekataa kwenda diskasheni ndiye aliyeonekana ana roho mbaya.

Kwa hiyo tulichukua chumba kidogo cha maktaba, yeye akasoma kwa sauti kitabu cha Kiingereza cha mwandishi mmoja wa falsafa, aya moja moja, na tukakijadili kwa Kiswahili.

"Sasa huyu muzee anasema nini?"

"Anasema mwenyeji ni yule mwenye mlango anaoweza kuufunga."

"Basi sisi kambini hatukukuwa na mulango. Kulikuwa shiti ya plastiki. Hatukupata wageni?"

"Hiyo ni pointi. Andika."

"Andika weye, uko na mwandiko ya serikali."

Katika chumba kile nilisema mengi zaidi kwa saa moja kuliko niliyosema mezani kwa mwezi. Mkutubi alitugongea kioo mara mbili kwa kelele, nami nilifurahi kwamba mimi ndiye niliyekuwa nikipiga kelele.

Jumapili nikaanza kwenda kwao. Mara ya kwanza mdogo wake, msichana wa miaka minane, alifungua mlango, nikamwamkia, naye akamgeukia mama yake na kutangaza kwa Kiingereza kwamba yule wa Kenya amefika. Mara ya pili akasema yule wa Kenya amekuja tena. Mama yao anatunza wazee katika nyumba moja ya Quakers Hill, na Jumapili alikuwa ametoka kanisani, kitenge bado mwilini.

"Eh, binti ya Kenya! Ingia, ukae. Sahani yako iko."

Kweli ilikuwepo, juu ya kabati la vyombo, imefunikwa kwa sahani nyingine: ugali, sombe, ambayo kwetu ni kisamvu, na samaki mdogo. Nilidhani binti yake alimwambia ninakuja. Hakumwambia. Nina tabia ya kuuliza, nikauliza. Mama akanieleza kwamba kila siku anapika akiwa amepima sahani moja ya ziada.

"Ya nani, mama?"

"Ya ule mwenye hajafika bado."

"Na asipofika?"

"Kesho naibeba kazini, nakula mimi. Lakini weye ulifika."

Kwenye treni ya kurudi niliandika maneno yake katika daftari langu, na chakula kilichopikwa, na kwamba mvua ilinyesha mchana kutwa.

Muhula wa pili ulipoanza tukapewa insha: mwenyeji anawajibika kwa nini mbele ya mgeni? Darasa zima lilipewa swali hilo. Mwenzetu mmoja aliandika kuhusu Villawood, jinsi mahali palipokuwa hosteli ya wahamiaji palivyogeuka kuwa mahali pa kuwazuilia. Sisi wawili tulienda kwenye chumba chetu cha maktaba, tukafanya diskasheni, na nikaandika pointi saba kwenye karatasi moja. Kwenye pointi ya nne, ile inayohusu mgeni asiyetazamiwa, yeye alichukua kalamu akaandika pembeni: sahani ya mama. Kisha kila mtu akaenda kuandika insha yake peke yake. Hatukuonyeshana. Nimezilinganisha baadaye, na hakuna hata sentensi moja inayofanana. Lakini pointi ni saba kwa saba, kwa mpangilio ule ule, na sahani iko katikati ya zote mbili. Katika insha yake aliandika kwamba mama yake hupima sahani ya ziada. Katika yangu niliandika kwamba nyumbani kwetu hupimwa sahani ya ziada.

Ndivyo tulivyofika kwenye barua ile ya mistari tisa.

Mimi ni mtu wa utaratibu, na katazo nililifuata neno kwa neno. Tulipokutana kwenye ngazi, yeye alishika kulia nami nikashika kushoto. Niliacha kumpigia mama simu nikiwa chumba cha kufulia, kwa sababu ya makabati. Siku moja darasani aliufanyia mzaha mlango wa yule mwandishi, kwa Kiingereza, nikacheka kabla ya wengine kuelewa, kisha kipindi chote nikabaki nikijiuliza kama kucheka ni kuwasiliana. Wiki ya tatu niligundua kwamba ninahesabu soksi kwa sauti ninapozikunja, moja, mbili, tatu, na kwamba hayo ndiyo yaliyokuwa maneno yangu yote ya Kiswahili kwa siku hiyo.

Wiki hiyo hiyo mama yake alinitumia ujumbe wa sauti. "Binti ya Kenya, hatukuone. Uko mugonjwa? Ama tulikukosea? Sahani iko." Niliusikiliza mara nne. Barua ilisema nisiwasiliane kupitia mtu mwingine, na mama ni mtu mwingine. Sikumjibu.

Wiki ya tano niliitwa. Mkuu wa taaluma alikuwa mama mmoja mpole, mwenye nywele za mvi zilizokatwa fupi, na kando yake aliketi mhadhiri nisiyemjua, akiandika. Walinimiminia maji. Nilikuwa nimebeba karatasi yetu ya pointi saba ndani ya faili, haijakunjwa hata pembe. Nilikuwa nimeitunza kama ushahidi wa kututetea: ilionyesha kwamba tulikaa pamoja, tukafikiri pamoja, wala hakuna aliyemwibia mwenzake. Niliitoa mwenyewe, kabla hawajaniomba chochote, nikaisukuma mezani kuelekea kwao.

Mkuu wa taaluma aliisoma. Mhadhiri aliacha kuandika.

"Huu ni mwandiko wa nani?" mkuu akaniuliza.

"Wangu."

"Na huu wa pembeni?"

"Wake."

"Unajua kwamba mpango wa insha ni sehemu ya insha?"

Sikujua. Nilimwambia sikujua, na kwamba nilikosoma mimi, anayefanya hivyo husifiwa. Akaitikia kwa kichwa taratibu, na nadhani aliniamini.

"Nina swali moja tu lililobaki," akasema. "Huu mfano wa sahani. Ni wa nani?"

Daftari langu lilikuwa ndani ya mfuko, mguuni pangu. Ndani yake kulikuwa na Jumapili ile, mvua, samaki mdogo, na maneno ya mama yake kama alivyoyasema. Ningeweza kulifungua na kusoma. Kama ningesema ni wa kwake, yeye angebaki mtu aliyeandika habari za jikoni kwao, nami ndiye ningekuwa niliyechukua. Adhabu ingeniangukia mimi, na adhabu yangu haikuwa ya kunifukuza. Nilijua hayo yote nikiwa nimekaa pale. Sharti la rekodi safi nililijua tangu wiki ya kwanza.

"Wetu," nikasema.

Mhadhiri akaandika.

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini. Siku ile niliamini ninasema jibu la ukarimu, kwamba sisi wawili tunasimama pamoja. Lakini nimezoea kuhakiki kauli za watu, na hii yangu haisimami. Kusema ni sahani ya mama yake kulikuwa kukiri, mbele ya watu wawili na kalamu, kwamba mimi nilikuwa mgeni katika nyumba ile, mmoja wa wale wanaoweza kufika na wanaoweza wasifike. Baada ya miezi saba ya maswali matatu sikutaka kuwa mgeni mahali pengine tena. Kwa hiyo nikajipatia nyumba, kwa neno moja, na neno hilo lilimaanisha kwamba sote wawili tulishiriki kosa.

Mimi nilipewa onyo la maandishi na kuambiwa niandike insha nyingine. Niliuliza yeye amepewa nini. Nikaambiwa kwamba matokeo ya mwanafunzi mwingine ni siri.

Katazo liliisha Ijumaa. Jumatatu kiti cha tatu, upande wa dirisha, kilikuwa wazi. Jumatano pia. Wenzangu walisogea kidogo kidogo hadi pengo likawa halionekani. Nilimuuliza aliyekuwa anaketi karibu naye. Alisema labda anaumwa, kisha akaniuliza kama sisi si marafiki.

Jumatano hiyo jioni nikamwandikia: Katazo limeisha. Uko wapi? Jibu lilikuja kesho yake, wakati wa chakula cha mchana, nikiwa nimeketi kati ya wanafunzi wawili wa mwaka wa tatu.

"Niko kazini na mama. Barua yangu hayinafika bado. Dada, uliwaambia ile sahani ni ya nani? Mimi niliwaambia ni ya kwenu."

Nilitoka ukumbini bila kurudisha trei yangu. Ya kwenu. Aliwaambia ni yangu, yeye mwenye rekodi ya kulinda. Sikujua, na sijui hadi leo, kama alitaka kunikinga au kama alikuwa anasema tu alichokiamini, kwamba sahani ile kweli ilikuwa yangu kwa sababu mimi ndiye niliyefika.

Tangu hapo zimepita siku kumi na mbili. Nimeandika majibu matatu kwenye simu na kuyafuta. Nimefungua daftari nikapiga picha ukurasa wa Jumapili ile, na nimeandika barua kwa mkuu wa taaluma kueleza mfano ulitoka jikoni kwa nani. Barua hiyo niliipeleka jana. Katibu wake aliipokea, akasema kwamba uamuzi wa kesi ile nyingine umeshasainiwa, hakusema ni upi, wala hakujua kama barua yangu inaweza kubadilisha chochote.

Leo asubuhi nilishuka kufua. Tangazo lililobandikwa ukutani linasema kwamba makabati ya wanafunzi walioondoka yatafunguliwa na kusafishwa wiki hii. Mawili yalikuwa yameshafunguliwa, milango wazi, ndani hamna kitu. La mwisho, la kwake, bado lina kufuli la shaba.