Mzee Penyo Hanywi

Zdravka Mincheva alianza kuwapa wagonjwa usingizi, katika hospitali ndogo chini ya milima ya Balkani, nywele zake zikiwa bado nyeusi ti. Wapasuaji walikata, wakashona, wakashukuriwa. Yeye alikaa kichwani pa mgonjwa, macho kwenye presha na mapigo ya moyo. Walimwita mchoyo wa dawa, na hawakumsingizia.

Siku moja akaletwa Penyo, jirani yake, ngiri imejisokota, haingojei kesho. Kilichomtisha Zdravka si ngiri bali moyo wa mzee, uliokuwa mbovu.

"Mzee Penyo, unakunywa pombe?"

"Sinywi, mwanangu."

"Hata tone!" mkewe Stoyna akadakia. "Kwenye nyumba yangu? Athubutu!"

Mpasuaji, Kaloyan, alikuwa na haraka zake. "Mpige dozi nzima ya mshipani, alale fofofo."

"Presha yake itaporomoka. Halafu utampasua nani, maiti?"

Akampa kidogo ya mshipani, kisha gesi polepole, kwa kipimo cha mtu asiyekunywa.

Kisu kilipogusa ngozi tu, mapigo yakaenda mbio, presha ikapaa.

"Zdravka, moyo utapasuka huo!"

"Toa kisu. Ngoja."

Mzee alikuwa amelala nusunusu. Angemmiminia dawa ya mshipani, presha ingeanguka ghafla. Angesita, moyo usingestahimili. Zdravka aliogopa, aliogopa sana. Akaongeza dawa ya maumivu tone kwa tone, gesi kidogo, akatazama, kidogo tena. Presha ikashuka, ikatulia. Kaloyan akaendelea na kazi yake, safari hii bila haraka.

Mzee alipozinduka vizuri, Zdravka alikuwa kando ya kitanda, amefura kwa hasira.

"Mwili wako umekula dawa kama wa mlevi! Ungenifia mikononi, baba. Kwa nini ulinidanganya?"

"Nimekudanganya nini? Pombe sinywi. Nakunywa rakia, ya plamu zetu, tunayoipika wenyewe. Pombe ni ile ya dukani."

"Rakia ni dawa, mwanangu," Stoyna akasema kwa upole. "Nampa mwenyewe asubuhi na jioni, kwa ajili ya huo moyo."

"Tena ile chupa niliyokuletea Pasaka," mzee akauliza, "uliimwaga?"

Chupa ilikuwa jikoni kwa Zdravka, imebaki robo. Kila jioni alijimiminia bilauri ndogo, na saladi ya nyanya, na hakuwahi kuihesabu kuwa kitu. Nyani haoni kundule. Juma lile lile naye angelala juu ya meza ile ile ya upasuaji, atolewe mawe ya nyongo, na daktari mwenzake wa usingizi alikuwa ameshamuuliza kama anakunywa.

Alikuwa amejibu hanywi, na aliamini anasema kweli.

Akamfunika mzee shuka, akatoka kwenda kumtafuta mwenzake.