Jiwe la Nyanya Liliposaga Wimbi

Nisome polepole, maana niliishia darasa la saba na huenda nikakosea mpangilio. Lakini jambo lenyewe lilitokea. Kama ningelitunga, si ningejipa sehemu nzuri zaidi?

Ilikuwa miaka ya sabini mwanzoni, kwetu karibu na Ekerenyo. Mdogo wangu Momanyi alirudi kutoka chuo kikuu hajui tena kulala. Huko walikesha na vitabu, miguu ndani ya karai la maji baridi, na aliyelala alichekwa. Mtihani ukaisha, usingizi ukakataa kurudi. Alilia bila sababu. Alisema kichwa kinavuma kama mzinga wa nyuki.

Mimi ndiye niliyemwita omobari, mzee wa kupasua vichwa vinavyouma. Simsingizii, amewaponya wengi. Tulikubaliana aje asubuhi na kisu chake.

Usiku ule Momanyi aliniuliza, "Kaka, kingekuwa kichwa chako, ungekubali?"

Nilivuta blanketi hadi kichwani.

Ndipo tukasikia jiwe la kusagia likilia katika jiko la nyanya. Nyanya tulikuwa tumemzika mwaka uliotangulia, na jiko lilifungwa kwa kamba. Tulikuta kamba imefunguliwa. Amini usiamini, nyanya alikuwa amepiga magoti, ametugeuzia mgongo, anasaga wimbi.

"Wewe wa vitabu, ingia ulale," alisema bila kugeuka. "Hata jiwe hupumzishwa. Na wewe mwenye haraka ya kisu, funga mlango, baridi inaingia!"

Momanyi aliingia. Mimi nilikimbia. Naandika ukweli.

Asubuhi omobari alimkuta amelala kando ya jiwe, unga nyweleni, anakoroma. Mzee alisikiliza, akacheka, akafunga mfuko wake.

"Kijana, mtu anayekoroma hivi nimpasue nitafute nini? Nipeni uji."

Mama aliupika kwa unga uleule. Nilimuuliza kama ni yeye aliyesaga. "Wimbi ningetoa wapi?" akasema. Na kweli, msimu ule hatukuvuna. Labda jirani alileta, sijui. Uji niliunywa.

Momanyi alilala siku mbili. Kilio hakikuisha siku moja, kilipungua kidogo kidogo. Alirudi chuoni, akamaliza. Hadi leo hufunga vitabu mapema, na mimi nikisikia jiwe likisaga, miguu hutaka kukimbia.

Wewe uliye chuoni, usijisifu kwa kukesha. Na wewe ndugu yake, kabla hujaita kisu, muulize kwanza alilala lini.