Anayevaa Sweta Lodwar

“Kwani chai yangu iko na sumu?” Abigael anafoka mlangoni, kikombe mkononi. “Unanirudishia mbele ya watu!”

“Sijakataa wewe, Mama Ekuru. Nimekataa maziwa,” anajibu Nakeno Emanikor bila kuinua macho, akiendelea kuparua magamba ya samaki, wengine wakiwa tayari motoni.

“Na hiyo sweta? Lodwar yote inalala nje juu ya joto, wewe unavaa sweta kando ya moto!”

Majirani wa mtaa huu wa Nawoitorong waliokuja kusikiliza wanaangua kicheko. Nakeno hacheki. Amechoka kueleza.

Huyu ndiye mama anayekaanga samaki wa ziwani kutoka Kalokol hapa mtaani. Baridi ilimwingia mwaka jana. Akanenepa, uso ukavimba, akawa anasinzia sokoni. Mtaa ukampa majina.

“Kwanza nilikuwa mvivu. Halafu nikawa na mimba,” anasema. “Mimba waliyonibebesha, saa hii ingekuwa inatembea!”

Kisha akaanguka kando ya karai la mafuta. “Mkono huu nusura uingie.”

Hospitalini alibandikwa nyaya kifuani. Mapigo yalikuwa arobaini na mawili kwa dakika. Moyo wa mtu mzima aliyetulia kwa kawaida hupiga mara sitini hadi mia.

“Moyo wake ni mzima. Anayeupigia filimbi ndiye amesinzia,” anaeleza tabibu wake, Jelagat. Tezi ya shingoni, anasema, hutoa homoni zinazousukuma mwili. Zikipungua, hata umeme unaouamsha moyo huja polepole, na mapigo yanaachana.

Akapewa vidonge vya kila asubuhi. Akameza bila kukosa. Aliporudi kupimwa, moyo ulikuwa karibu palepale.

“Nikamuuliza, unameza na nini? Akasema chai,” Jelagat anakumbuka, akishika kichwa.

Na chai Lodwar ni ya maziwa. Maziwa huizuia dawa hiyo isiingie vizuri mwilini. Sharti imezwe kwa maji matupu, kisha mtu akae saa nzima bila kula.

“Saa nzima! Kwa nyumba hii?” Nakeno anarusha mikono. Alfajiri tu, salamu za “ejok, ejok” mlangoni, kila mtu na kikombe chake. “Ukikataa kikombe, umekataa mtu. Sasa nichague, moyo ama majirani?”

Huko Kakuma, mwenye hoteli aitwaye Wol amemwekea nafasi ya kazi jikoni. Lakini Jelagat amemkataza kusimama peke yake kwenye mafuta hadi mapigo yapande. Kipimo ni Ijumaa.

“Yakipanda, Jumatatu niko Kakuma. Yakikataa, Wol atatafuta mwingine. Na hawa hapa watasema ni uvivu.”

Abigael anakitazama kikombe chake.

“Si ungesema ni mambo ya moyo?”

“Nimesema mara ngapi? Mlikuwa mnacheka sweta!”

Nakeno anachungulia simu. Saa nzima tangu ameze dawa imetimia.

“Haya, lete hicho kikombe chako.”

“Kimeshapoa.”

“Hata mimi nimepoa. Ingia, Mama Ekuru, samaki wameiva. Keti tule.”