Fundo la Mshoto

Shangazi yangu, dada yake baba, alikunja miavuli ya kurukia kutoka kwenye ndege tangu usichana wake mpaka alipostaafu, na maisha yake yote hakuwahi kupanda ndege. Ukimuuliza kwa nini, alijibu, "Mshona sanda naye aivae?" Karakanani walimwita Mshoto, kwa kuwa kila kitu alikifanya kwa mkono wa kushoto, hata kuaga.

Karakana yenyewe ilikuwa chumba kirefu kando ya uwanja wa ndege za jeshi. Madirisha yalikuwa juu, karibu na dari, na katikati palikuwa na meza ya mbao iliyosuguliwa mpaka ikateleza, maana kibanzi kimoja kingetosha kuchana kitambaa. Mwavuli ulitandazwa juu ya meza hiyo. Mkunjaji mmoja alikaa kichwani akipanga mikunjo, mwingine akakaa miguuni akinyoosha kamba. Ukishakunjwa uliingizwa mkobani, mkoba ukafungwa kwa pini, na mwisho kabisa pini ikazungushiwa uzi ili isichomoke yenyewe. Mtu akiruka na kuvuta mshikio, uzi hukatika, pini hutoka, mwavuli hufunguka. Ndiyo kazi yote ya ule uzi, kukaa na kisha kukatika.

Kila mkunjaji alipewa rangi yake, ili kazi ijulikane ni ya nani. Uzi wa Shangazi ulikuwa wa njano. Ulikuwa mwembamba, kwa hiyo alizungusha mara mbili kabla ya kufunga. Wa mama yangu ulikuwa mwekundu, mnene kidogo, na ulizungushwa mara moja tu. Kila fundo lilikaguliwa na mwenzako wa meza kabla mkoba haujatoka. Hiyo ilikuwa sheria, na waliishika.

Ni Shangazi aliyemtafutia mama yangu kazi pale. Walikuwa marafiki wa mtaa mmoja. Mwaka haukuisha, mama akaolewa na baba. "Nilimleta awe mwenzangu wa meza," Shangazi alikuwa akituambia sisi watoto, mama akiwa anasikia, "kumbe alikuja kuwa mwenzake kaka." Kisha mkuu wa karakana akampandisha mama akae kichwani mwa meza, Shangazi akabaki kwenye kamba. Kisha mama akapata chumba kikubwa cha nyumba ya babu, kile chenye dirisha la barabarani. Kisha akatupata sisi, mmoja baada ya mwingine. Shangazi aliolewa muda mfupi, mume akaondoka, mtoto hakupatikana. Jirani mmoja aliwahi kumpoza kwa kumwambia asikate tamaa, chanda chema huvikwa pete. Shangazi akamwuliza, "Na kile kingine kinavikwa nini? Sindano?"

Ndege za siku hizo zilikuwa za propela mbili, za kubeba askari, magunia na chochote kilichotakiwa upande wa pili wa milima. Zilianguka mara kwa mara, na nyumbani kwetu miaka ilihesabiwa kwa ajali. Kaka yangu alizaliwa mwaka wa ndege iliyotua bila magurudumu, propela zake zikajikunja kama majani ya mgomba baada ya mvua ya mawe. Mimi nilizaliwa mwaka wa ile iliyokwama kwenye matope mwisho wa njia ya kurukia, ikainua mkia, ikalala kifudifudi, na rubani akatoka ndani akiulizia kofia yake. Hizo zilisimuliwa kwa kicheko. Ile ya mwaka wa dada yangu mdogo haikuwa na kicheko.

Siku moja kabla ya ajali hiyo, dada yangu alipandwa na homa, mama akaitwa kutoka kazini kumpeleka zahanati. Gari la kuchukua mikoba lilikuwa limeshafika mlangoni na dereva anapiga honi. Ilibaki mikoba miwili ya kufungwa uzi, na kigurudumu cha uzi wa njano kilikuwa kimeisha. Stoo ilikuwa imefungwa kwa chakula cha mchana. Shangazi akachukua uzi mwekundu wa mama uliokuwa mezani, akafunga ile mikoba miwili kama mkono wake ulivyozoea, akaitoa. Wa kumkagulia hakuwepo.

Kesho yake propela ya kushoto ya ndege moja ilivunjika angani. Panga lake moja lilipasua ubavu wa ndege na injini ikashika moto. Rubani akaishika ndege isipinduke huku akiwaamuru wengine waruke. Waliruka wote. Rubani alikwenda nayo mpaka mwisho, kwenye mteremko wa mlima. Na kati ya walioruka, kijana wa redio alikutwa chini, mwavuli wake ukiwa bado umo mkobani.

Wiki chache baadaye fundi wa injini wa ndege ile alikuja nyumbani kwetu akichechemea. Alikuwa ameuliza karakanani ni nani mwenye uzi mwekundu. Aliingia na kitambaa cha gauni chini ya kwapa, na kitu kingine amekiviringisha kwenye leso. Akakifungua mezani. Ulikuwa mshikio wa mwavuli wake, pamoja na waya na pini, na kwenye pini limeng'ang'ania fundo jekundu lililokatika. "Dada," akamwambia mama, "mikono yako imenirudisha kwa watoto wangu."

Shangazi alikuwa amesimama nyuma ya kiti cha mama. Aliliona fundo lile na akalitambua, kama mtu anavyotambua kikohozi cha ndugu yake chumba cha pili. Fundo la mtu wa mkono wa kulia huinamia kulia. Lile liliinamia kushoto. Alingoja mama aseme. Mama alilitazama kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika, akasema, "Tumshukuru Mungu," akapokea kitambaa.

Tangu siku hiyo fundi wa injini alikuja kila mwaka, na kila mwaka alileta kitambaa, pamoja na ile leso yake yenye mshikio. Shangazi alikuwa na cherehani, kwa hiyo magauni aliyashona yeye.

"Wifi, mwaka huu kakuletea maua makubwa kama sahani," alikuwa akimwambia huku akipima. "Ukipita sokoni watu watadhani ni kitanda kinatembea."

"Shona tu, wifi."

Alishona, na mikono ya gauni ikabana. Kila mwaka ilibana. Mama alipachua mshono kimya kimya, akaachia, akavaa. Sisi tulidhani ndiyo mtindo.

Kulikuwa na jambo moja ambalo lingemtuliza mtu mwingine. Baada ya ajali, tume ya uchunguzi ilimhoji mama kwa siku kadhaa. Ripoti ilisema kijana wa redio alivunjika mkono ndani ya ndege kabla ya kuruka, na haikumlaumu mkunjaji. Hata hivyo mama hakurudi mezani. Alipelekwa chumba cha nyuma kushona vifuniko vya viti, akakaa huko hadi mwisho, na Shangazi ndiye aliyepewa kichwa cha meza. Lakini Shangazi hakukifurahia. Alisema mama amekimbia kazi baada ya kupata sifa, na kwamba yeye ameachiwa kiti kilichopoa. "Mimi nanyonga kuku," aliniambia siku moja nikiwa mtu mzima tayari, "mwenzangu anapewa firigisi."

Ndipo aliponieleza habari ya fundo. Nilimwuliza kwa nini hakusema siku ileile. Akanitazama kama mtoto. "Niseme mimi? Yeye ana mdomo."

Alingoja hivyo miaka mingi. Kilichomfikisha mwisho hakikuwa kitambaa. Mwaka jana fundi wa injini, sasa mzee wa fimbo, alikuja na kitambaa chake na habari mpya. Mjukuu wake wa kike alikuwa amezaliwa, wa kwanza katika nyumba yao.

"Nimekaa na mwanangu," akamwambia mama, "tumekubaliana. Mtoto ataitwa jina lako, dada. Sisi sote pale nyumbani tumetoka kwenye uzi wako."

Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na sinia. Nilimtazama Shangazi. Alikuwa ameshika birika. Jina la mama lilishapewa binti wa kaka yangu na binti wa dada yangu. La Shangazi halikuwa na mtu. Aliinuka, akalibeba birika lililojaa kwenda jikoni kuliongeza chai. Nilimfuata na vikombe, nikaanza kuviosha. Muda si muda mama naye akaingia.

"Wifi, chai bado ipo."

"Najua ipo."

"Basi umefuata nini huku?"

"Fundo lile ni langu," alisema Shangazi. Hakupandisha sauti.

Mama akausukuma mlango kwa kisigino ukafungika. "Najua ni lako. Linainama kushoto kama wewe ukiwa umenuna."

"Umejua tangu lini?"

"Tangu alipofungua leso."

"Na vitambaa ukapokea."

"Nikapokea. Na wewe ukavishona, mikono ikanibana miaka yote hii. Ulidhani sijui ile nayo ni kazi ya nani?"

Ningecheka, lakini Shangazi alilitua birika, akageukia mlango. "Leo namwambia. Vitambaa kaa navyo. Jina la yule mtoto ni langu."

"Nenda kamwambie," alisema mama. "Sikuzuii. Ila ukifika, usitazame fundo. Tazama uzi. Hesabu umezungushwa mara ngapi."

Mkono wa kushoto wa Shangazi ulizunguka hewani, polepole, kama ulivyozunguka maisha yake yote. Mara moja. Mara ya pili. Ukasimama.

Wote tulikuwa tumesikia kisa cha fundi wa injini mara nyingi: alivyovuta mshikio ukakataa, akavuta tena, ukakataa, akaushika kwa mikono miwili na kuutukana, ndipo ukaachia. Kila mwaka alikisimulia, na kila mwaka tulicheka.

"Mwekundu ni mara moja," alisema Shangazi.

"Mara moja," alisema mama. "Ule wa kijana wa redio tume ilinionyesha. Haukukatika. Umezungushwa mara mbili, umeinama kushoto. Wakaniuliza, huu uzi ni wako? Nikawaambia ni wangu. Habari ya mkono hawakuuliza."

"Lakini alivunjika mkono. Ripoti ilisema."

"Alivunjika. Alikuwa na mkono mmoja wa kuvutia. Uzi ungekuwa mara moja, pengine angeweza. Pengine asingeweza. Hilo sijui, wifi. Nimekaa nalo chumba cha nyuma na vifuniko vya viti, na bado sijui."

Maji ya bomba yalikuwa yanamwagika bure, nikayafunga.

"Kwa nini hukuniambia?" Shangazi aliuliza.

"Ningekuambia lini? Uliacha kunisemesha vizuri siku ya harusi yangu."

Kutoka sebuleni mzee aliita akiuliza kama chai imekwenda kuchumwa shambani. Shangazi alipangusa macho kwa upindo wa kanga, akachukua birika, akatoka. Nilitoka nyuma yake na vikombe, nikausikia uzito wa birika likitua mezani. Mzee alikuwa ameshaanza kumsimulia kaka yangu, mikono yake miwili ikivuta kitu kisichoonekana. "Ukakataa," alisema. "Nikauambia, wewe uzi, mama yako nani?" Kaka alicheka. Shangazi alimmiminia chai mpaka kikombe kikafurika kwenye kisahani.

"Na wewe dada, mbona kimya?" mzee akamwuliza. "Jina hulipendi?"

Mama alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni. Hakumfanyia ishara yoyote.

"Jina ni zuri," alisema Shangazi. "Mpeni."

Wiki iliyofuata alimwita mama ampime. Kitambaa cha mwaka huo kilikuwa cha kijani chenye vitone. Nilikuwepo, nimekuja kutengeneza mkanda wa cherehani yake. Shangazi alizungusha futi kiunoni mwa mama, pini zikiwa mdomoni. Kisha akazitoa pini.

"Yule kijana wa redio alikuwa na mama yake."

"Alikuwa naye."

"Anakaa wapi? Nataka niende."

"Alishakufa," alisema mama. "Nilikuwa nakwenda mimi. Kila mwaka, fundi wa injini akishaondoka hapa, nilikuwa nakwenda kule. Kila kitambaa nilikuwa nakikata kipande, nampelekea."

Shangazi alimtazama kwa jicho lilelile nililolijua tangu utoto, lile la siku ya chumba kikubwa na la siku ya kichwa cha meza. Halikuwa limepungua hata kidogo.

"Hata huko ulinitangulia," alisema.

"Nilikutangulia."

Alirudisha pini mdomoni, akainua mkono wa mama kupima bega.

"Usibane," alisema mama.

Shangazi aliachia futi kidogo, akapima upya.